Mgomba wa Oundo

Edah aliacha jembe pale pale shambani alipoona shemeji zake wanapita na mgomba mabegani. Ulikuwa umepunguzwa majani, umeviringishwa shuka jeupe, na waliubeba taratibu kama wanavyobeba mtu. Hapo hapo akajua: walikuwa wanakwenda kumzika mume wake.

Oundo aliondoka Dabani, upande wa Uganda, mwaka wa sitini na nne pamoja na wafanyabiashara wenzake, wakipeleka samaki wakavu Kongo. Vita vikawakuta huko. Kilichorudi ni habari tu: lori limechomwa, watu wameuawa, hakuna aliyebaki. Sasa, kwa Wasamia wa pale, mtu aliyepotelea mbali haachwi hivi hivi. Mwili usipopatikana huzikwa mgomba badala yake, watu walie, wanyoe, maisha yaendelee. La sivyo, walisema, atawasumbua watoto wa boma. Na mgomba ukishafukiwa, basi. Hata akitokea mzima, aliyezikwa hakanyagi tena nyumbani kwake, maana anaingia na kifo. Familia za wenzake Oundo zote zilikwisha kuzika. Alibaki Edah tu na kiburi chake.

Kiburi! Ndivyo walivyokiita. Mwenyewe aliita maombi. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kisimani, alipiga magoti nyuma ya jiko akamwambia Mungu maneno yale yale, bila kuyapamba: "Baba, mume wangu yu hai. Mrudishe." Hata mchungaji alishamshauri akubali mapenzi ya Bwana. Edah alimjibu kwa heshima zote kwamba Bwana hajamwambia bado mapenzi yake ni yapi, na mpaka amwambie, yeye ataendelea kumwuliza.

Aliwafikia uani akihema. Kumbe shimo lilikwisha kuchimbwa yeye akiwa shambani. Elphas, kaka mkubwa wa Oundo, alisimama kando yake amevaa koti lake la kanisani. Hakuwa mtu mbaya, Elphas. Mwanawe mdogo alikuwa na homa isiyokwisha, na mwenye mtoto mgonjwa hutafuta sababu popote.

"Shemeji," alisema kwa upole, "tumekuvumilia vya kutosha. Mwache ndugu yetu apumzike. Na wewe utatunzwa, hutabaki peke yako."

"Nitatunzwa na nani?"

Kila mtu pale alijua ni nani. Mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na ndugu mwenyewe ndiye Elphas huyo.

"Thubutu!" Edah alisema. Akakusanya gauni lake refu la gomesi, akashuka shimoni, akakaa kitako.

Wee! Wanawake walipiga mayowe. Mtu mzima, mama wa watoto, kakaa kaburini mchana kweupe! Mama mkwe wake alishika kichwa kwa mikono miwili. "Edah mwanangu, toka humo, unajitafutia laana!"

"Sitoki, mama. Mimi nimemwomba Mungu mtu, ninyi mnaniletea mgomba. Mkitaka kufukia, fukieni, lakini mtanifukia na mimi. Halafu mkajieleze serikalini."

Jua likamchoma utosini. Miguu ikafa ganzi. Na aliogopa, tusidanganyane. Udongo ulikuwa baridi mgongoni, na mara wazo likamjia kwamba pengine wao ndio wenye akili na kichaa ni yeye. Akalia. Lakini alilia akiwa amekaa. Jioni wanaume walichoka, wakauegemeza mgomba ukutani, wakaenda zao wakisonya. Kesho yake mbuzi walianza kuutafuna, na Edah akalifukia shimo kwa jembe lake mwenyewe, tupu.

Tangu hapo alilipia. Elphas hakuitikia salamu zake, ingawa mtoto alipona. Kanisani wanawake walisogea mbali naye kwenye benchi. Edah akaendelea kupiga magoti nyuma ya jiko.

Rafiki aliyembakia ni Athieno, Mpadhola wa Merikit, muuza simsim mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alipoipata habari alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "We Edah! Wewe kweli nakaa ndani ya kaburi? Basi na mimi naomba na wewe. Mungu nachoka na kelele ya sisi wawili, nafungua mlango."

Wakaomba pamoja. Ila kila siku ya soko Athieno alivuka mpaka na simsim yake, na huko Busia ya Kenya alimhadithia kila mteja kisa cha kaburi, akikitia chumvi. Edah aliposikia aliona aibu. "Dada, unanianika. Nyamaza." Athieno nyamaza? Ng'o!

Mwaka wa sitini na sita, mvua ndefu zikiwa zimeanza, Edah alikuwa uani akimenya mihogo alipomwona mwanamume amesimama nje ya ua. Alikuwa na ndevu nyingi na kovu shavuni. Haingii, wala habishi hodi.

"Hapa pana kaburi langu?" mtu yule aliuliza.

Uso hakuutambua. Sauti, aliitambua. Kisu kilimtoka mkononi.

"Hakuna," alisema.

"Hamkunizika? Kweli?"

"Nimesema hakuna, Oundo!"

Yule mwanamume akashika ua kwa mikono yote miwili, akalia kwa kwikwi. Maneno yakamtoka vipande vipande. Wanakijiji wa Kongo walimficha na kumuuguza. Alirudi kwa miguu hadi Tororo, na hapo mtu mmoja akamwambia watu wa lile lori wote walizikwa migomba. Akaamini naye yumo. Akavuka mpaka, akawa anabeba magunia ya mahindi ng'ambo ya pili, Busia ya Kenya. Karibu mwaka mzima!

"Nilikuona ulipovuka kuja sokoni, Edah. Nilijificha nyuma ya magunia. Ningekufuata vipi, niwaletee watoto kifo? Juzi ndiyo nikasikia muuza simsim akimcheka rafiki yake wa Dabani aliyekalia kaburi. Nikamwuliza rafiki huyo anaitwa nani."

Edah alimpiga kifuani kwa ngumi, tena na tena, akicheka na kulia. "Nilikuwa nikikuombea kila alfajiri, kumbe uko hapo hapo!" Halafu akaacha kumpiga. Aliona sasa kwamba angekubali kutoka shimoni siku ile, mtu huyu angezeekea ng'ambo chini ya magunia, naye asijue milele.

Kelele zilimleta Elphas mbio. Alipomwona ndugu yake alirudi nyuma hatua, mdomo wazi. Oundo alikuwa bado nje ya ua.

"Kaka," aliuliza, "naruhusiwa?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Elphas. "Ingia, ndugu yangu," alisema. "Sisi tulikuja kukuzika. Mke wako ndiye aliyekataa."