Maoni ya Marehemu Kuhusu Mswada wa Bunduki

Jumatano hiyo Chepkemboi alikamua ng'ombe mapema, akapeleka maziwa kwa pikipiki ya ushirika, akavaa sweta ya kanisani na kuteremka hadi kituo cha kununulia majani chai, mwendo wa dakika ishirini kutoka Mogogosiek. Kamati ilikuwa imekuja kutoka Nairobi kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mswada wa kubana umiliki wa bunduki. Hema lilikuwa limesimamishwa karibu na mizani. Viti vya buluu vilikuwa vya wageni, vyeupe vya wananchi. Mandazi yalikuwa yamefika kabla ya kamati, na hilo liliwapa watu wengi moyo wa kusubiri.

Kwenye mlango wa hema aliketi Onyiego, karani wa kamati, mtu wa makamo mwenye mwandiko mzuri. Mbele yake palikuwa na daftari lenye nafasi nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Asiyekuwa na kitambulisho hakuandikwa, na asiyeandikwa hakusema.

Kamati ilichagua mahali hapo kwa sababu ya Weldon. Weldon alikuwa na malori mawili ya kubeba majani, na bastola aliyoipata kwa njia halali kabisa. Mwaka jana mkewe Janeffer alikwenda polisi mara tatu kueleza kwamba mumewe halali usingizi, anaongea na ile bastola, na anasema wachumaji chai wanamcheka. Mara zote tatu alipewa nambari ya ripoti kwenye kipande cha karatasi, akaambiwa arudi nyumbani wakaelewane. Vipande hivyo bado anavyo ndani ya Biblia. Wiki moja baada ya kipande cha tatu, Weldon alifika kituoni wakati wa kupima majani, akawapiga risasi watu watano, kisha akajipiga mwenyewe. Wa kwanza alikuwa karani wa mizani, Fancy, binti wa pekee wa Chepkemboi.

Wafu walifika saa nne kasorobo. Walikuja kwa miguu, kila mmoja akitokea shamba alikozikwa, na kwa kuwa usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, walichelewa kidogo. Mzee Mochama alichelewa zaidi. Alikuwa amezikwa kwao, ng'ambo ya Sotik, na ilimbidi aondoke tangu jana yake. Watu waliwasalimu kwa mkono na kuwasogezea viti.

"Chamgei, mama," Fancy alisalimu.

Chepkemboi aliitikia, kisha akatazama miguu ya mwanawe. Vile viatu vyeupe alivyomnunulia sokoni Kaplong kwa ajili ya mazishi vilikuwa vimejaa matope. "Ningejua ungetembea," alisema, "ningekuzika na gambuti."

Walikwenda pamoja hadi kwa Onyiego. Chepkemboi akatoa kitambulisho chake, akaandikwa, akatia sahihi. Onyiego akamgeukia Fancy na kunyoosha mkono.

"Sina," Fancy alisema.

"Yake nilipeana kwa chifu wiki ile ya mazishi," Chepkemboi alieleza. "Waliniambia bila hiyo hakuna kibali ya kuzika. Na mimi nikapeana siku hiyo hiyo. Sikutaka shida na serikali."

"Ulifanya vizuri, mama. Ndiyo maana hayuko kwa system."

"Si huyu hapa?"

"Namuona," Onyiego alisema kwa upole. "Lakini hayuko."

Hakuwa mtu mbaya, Onyiego. Aliwaeleza marehemu wote watano kwamba wanaruhusiwa kuketi, kusikiliza na kula mandazi, ila hawawezi kuandikwa, maana jamaa zao walikuwa raia wema na vitambulisho vyote vilirudishwa. Esnah, aliyepigwa risasi akiwa bado na kikapu mgongoni, aliuliza kama alama ya kidole inaweza kufaa. Mashine ililetwa. Esnah akaweka kidole, mashine ikawaza, ikaandika kwamba hakuna kidole. Mzee Mochama alichukua andazi moja akaliweka mfukoni, la njiani.

Fancy na mama yake waliketi safu ya tatu, mahali penye kivuli. Nakala za mswada ziligawiwa. Fancy aliusoma wote, kurasa thelathini na moja, huku akilowesha kidole kwa ulimi kama alivyofanya akisoma risiti za majani. Alipomaliza alimwinamia mama yake.

"Mama, unakumbuka sheria ya hapa? Chuma majani mawili na chipukizi, basi. Imeandikwa pale ukutani tangu nizaliwe. Na bado watu walikuwa wanaweka majani mazuri juu, vijiti chini. Sikuwahi kumshika mtu kwa kuangalia juu ya kikapu. Nilikuwa naingiza mkono mpaka chini kabisa, kila kikapu, hata cha pasta."

"Na ndiyo walikuwa wanakuchukia," Chepkemboi alisema, na akajivunia.

"Hata ile sheria ya zamani ilisema mtu asiye na akili timamu anyang'anywe bastola. Janeffer alienda mara tatu. Hakuna mtu aliingiza mkono. Hii mpya ni nzuri, mimi naikubali, ikazwe hata zaidi. Lakini waandike hapa ni nani ataingiza mkono, na asipoingiza atafanywa nini. Ni hiyo tu nilikuja kusema."

Chepkemboi alihisi kifua kikimjaa. Mtoto wake alikuwa na akili kuliko ile meza nzima ya wageni, na angeyasema hayo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka kingine. Mwaka mzima watu walikuwa wamemzungumzia Fancy kana kwamba alikuwa idadi.

Jina la Chepkemboi lilipoitwa, alisimama. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzito, alimkumbusha kwamba kila mtu ana dakika mbili na kwamba kengele ikilia hakuna kuongeza.

"Mheshimiwa, mimi sina mengi," Chepkemboi alisema. "Naomba tu huyu msichana wangu aongee. Ametembea kwa matope. Yeye ndiye alipigwa, si mimi. Kama ni kitambulisho, chukueni yangu, muandike yeye kwa yangu."

Mheshimiwa akamuuliza Onyiego kama hilo linawezekana. Onyiego akafungua kanuni, akasoma kifungu cha sita, akafungua tena, akasema haliwezekani. Chepkemboi akaomba mara ya pili. Akaanza kuomba mara ya tatu, na kengele ikalia.

Alipoketi ndipo alipotambua kwamba maneno yote ya Fancy alikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, na angeweza kuyasema yeye. Alijuta, akafumbata mikono mapajani. Fancy akaishika, na mikono ya Fancy ilikuwa ya baridi, jambo ambalo kwa hali yake lilikuwa la kawaida.

Weldon alifika saa sita kasorobo, amevaa suti aliyozikwa nayo. Watu walimsogelea kidogo, kisha wakajisogeza nyuma kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Onyiego.

"Kitambulisho," Onyiego alisema.

Weldon akatia mkono mfuko wa ndani akatoa laiseni yake ya bastola. Ilikuwa na picha, nambari na mhuri. Jamaa zake hawakuirudisha, wala hakuna ofisi iliyowahi kuwauliza. Onyiego akailinganisha picha na uso. Akaingiza nambari kwenye kompyuta, na kompyuta ikakubali papo hapo. Laiseni ilikuwa hai mpaka Desemba mwakani.

"Uko sawa," Onyiego alisema, akamwandika kwa ule mwandiko wake mzuri.

Weldon hakumaliza hata dakika moja. "Mimi nilifuata utaratibu," alisema. "Nilijaza fomu zote. Barua ya chifu nilikuwa nayo, cheti cha tabia njema nilikuwa nacho, barua ya daktari pia. Ukiniuliza mimi, sheria iliyoko inatosha. Asanteni." Watu wachache walipiga makofi, kwa sababu ndivyo ifanyikavyo mtu anapomaliza kusema, kisha wakaitazama mikono yao wakaacha. Mheshimiwa aliagiza iandikwe kwamba kamati imesikia kutoka kwa mmoja wa waliokuwepo siku ya tukio.

Polisi mmoja wa cheo alikuwa ameleta ile bastola ndani ya bahasha ya kaki, ili wananchi waione. Mkutano ulipofungwa kwa sala, Weldon alimfuata akaiomba. Afande aliitazama laiseni, pande zote mbili. Alipiga simu mbili. Kesi ilikuwa imefungwa kwa kuwa mshtakiwa alifariki, hivyo kielelezo hakikuwa na kazi tena. Na kifungu cha kumnyima mwenye laiseni hai mali yake hakikupatikana.

"Weka sahihi hapa, mzee," afande alisema.

Weldon akaweka sahihi, akaingiza bastola kiunoni.

Marehemu wengine walikuwa wameshatawanyika, kila mtu na njia yake. Chepkemboi na Fancy walishika barabara ya kupanda, kati ya chai ya upande huu na chai ya upande ule. Nyumba ya Weldon ilikuwa juu zaidi kwenye barabara hiyo hiyo, kwa hiyo naye alikuja nyuma yao, hatua kama thelathini hivi, polepole. Wachumaji waliokuwa mashambani waliinua vichwa. Mmoja alicheka kitu alichoambiwa na mwenzake. Weldon akasimama, akawatazama, akatembea tena.

Chepkemboi alimvuta binti yake kwa kiwiko. "Pita mbele yangu," alisema. "Haraka. Mimi nitakaa nyuma."

"Hapana, mama." Fancy alisimama katika matope na viatu vyake vyeupe mpaka mama yake akampita, kisha akaja nyuma yake, karibu kabisa, akitanua mabega ili awe mpana. "Wewe ndiye upite mbele. Mimi nilishapigwa. Wewe bado."