Siku Kumi na Tatu za Studena

Jamhuri ya Studena iliishi siku arobaini na moja, na Paraska aliziogopa zote. Ilizaliwa darasani, ufalme wa zamani ulipovunjika na mataifa ya jirani yakaanza kugawana milima kama nyama ya shughuli. Vijiji tisa vikasema sisi hatugawiwi. Bendera ikashonwa kwa pazia la padri, na Havrilo, mume wa Paraska, mhunzi aliyejua kwato za farasi tu, akafanywa Waziri wa Vita.

"Waziri mwenyewe soksi zimetoboka," Paraska alimtania. Alicheka, lakini aliogopa. Sikio halipiti kichwa, na hawa walitaka kupita na kofia juu.

Sheria moja Havrilo aliipigania hadi meza ikapasuka: kalenda ibaki ile ya kanisa lao, kama mababu walivyohesabu. Wageni wasiwachagulie siku ya Krismasi. Watu walimbeba mabegani kwa sheria ile.

Kisha jeshi la jirani wa bondeni likapanda na mizinga. Vijiji vinane vilianguka kwa siku mbili. Kikabaki Studena chenyewe, na wanaume thelathini wa Havrilo walioshikilia njia ya juu mlimani kwenye theluji. Mlangoni mwa kanisa likabandikwa tangazo la jeshi hilo: aliyebeba silaha ailete stesheni ya Verbova, kule bondeni, ale kiapo, atasamehewa. Mwisho tarehe ishirini Februari, saa sita mchana. Atakayechelewa atapigwa risasi.

"Twende kesho," Paraska alisema. "Nakuomba, Havrilo. Kesho asubuhi."

"Leo ni tarehe tano, mke wangu. Nina siku kumi na tano za kuwa mwanamume. Nitashuka na vijana wangu tarehe kumi na tisa."

"Mwanamume aliyekufa nitamfanyia nini? Nimkaushe kama uyoga?"

Akacheka, akambusu kichwani. Paraska hakulala vizuri.

Kesho yake aliteremka Verbova kununua chumvi. Nyuma ya meza ya Mzee Hersh, muuza duka, palining'inia kalenda ya kuchana karatasi. Ilionyesha kumi na tisa.

"Mzee Hersh, kalenda yako ina wazimu? Leo ni ya sita."

"Kwenu ni ya sita, bibie. Mimi nina kalenda tatu, moja ya sinagogi, moja yenu, na hii ya wenye bunduki. Hii ndiyo inayoua."

Paraska alishika ukingo wa meza. Kila mtu Studena alijua kwamba watu wa bondeni wamewatangulia siku kumi na tatu. Lakini tangazo lilikuwa kwa lugha yao, kwenye mlango wa kanisa lao. Nani angefikiri tarehe iliyoandikwa pale ni ya wengine?

Aliiacha chumvi. Alipanda mlima huku akianguka na kuinuka, na kila kunguru aliyelia alimshtua.

Havrilo alimsikiliza amesimama, nyundo mkononi. Uso wake ukawa na rangi ya majivu.

"Vijana wako juu kule," alisema. "Wanahesabu kwa kinywa changu."

"Shuka sasa hivi! Tuma mtu mwingine."

"Hawatashuka kwa neno la mtu mwingine. Nimewaambia wampige risasi yeyote atakayewaambia wajisalimishe." Akavaa koti la manyoya. "Wewe tangulia na bunduki yangu. Tutakutana stesheni."

Kulipopambazuka Paraska alikuwa amesimama chini ya saa ya stesheni, bunduki ya mumewe mikononi kama mtoto asiye wake. Saa nne. Saa tano. Saa sita kasoro robo wakatokea, mstari mrefu kwenye theluji, na Havrilo nyuma kabisa.

Kila mmoja aliweka silaha, akataja jina, akala kiapo. Ofisa, kijana mwenye pua nyekundu kwa baridi, aliandika polepole.

"Havrilo, pita mbele!" Paraska alipiga kelele. "Pita, mtu wee!"

"Mimi ndiye niliyewahesabia vibaya," alijibu. "Watangulie wao."

Wakabaki kumi. Wakabaki wanne. Mtu wa thelathini alikuwa bado na mkono juu saa ilipogonga. Ofisa akamsubiri amalize, kisha akachomeka kalamu mfukoni.

Paraska alijitupa mbele yake, akamsukumia ile bunduki.

"Bwana, leo ni ya saba tu! Kwetu ni ya saba! Amewahi, bwana, amewahi sana!"

Jana angeichoma moto kalenda ile. Leo aliing'ang'ania kama ukingo wa kisima.

"Kwenu ni wapi?" ofisa aliuliza, bila hasira yoyote.

Askari wawili walimpeleka Havrilo nyuma ya tangi la maji. Alimgeukia mkewe mara moja, akatikisa kichwa asitazame. Paraska alitazama.

Walimzika Studena, na wote thelathini walibeba jeneza kwa zamu. Padri akauliza tarehe ya kuandika msalabani, akiitazama barabara ya bondeni kwa woga.

"Saba Februari," Paraska alisema. "Andika, baba. Mume wangu hakuchelewa."