Bwana Wendell Aanza Kazi ya Bata Mzinga

Mwalimu Haugen alikuwa na sheria moja: hakuna kuandika kabla ya kusoma. Kila Jumanne jioni, katika chumba cha chini cha maktaba, aligawa kopi za ukurasa mmoja wa kitabu cha kujifunzia Kiingereza. Wanafunzi, watu wazima waliohamia Marekani, waliusoma kwa sauti, wakaukata kwa mkasi sentensi moja moja, wakazichanganya, wakazipanga upya mezani. Hapo ndipo kalamu zilipotoka. "Mtu hapiki asichowahi kuonja," alikuwa akisema, huku akifunua bakuli lake la viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, ambalo watu walikula kwa adabu bila kuomba nyongeza. Jimbo zima la Minnesota hupika hivyo, usimlaumu yeye.

Jioni ya ukurasa wa sita, walipomaliza kupanga sentensi, Bwana Wendell alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Ni yule yule wa kitabuni: sweta ya kijani, viatu vinang'aa wala havina theluji.

"Habari za jioni," akasema. "Mimi ni Bwana Wendell. Nina mbwa. Mbwa wangu ni mweusi."

"Yuko wapi sasa huyo mbwa?" akauliza Eulalia, mama wa Kiguatemala asiyejua kunyamaza.

Mbwa hakuja, maana yeye alikuwa wa ukurasa wa saba, na Mwalimu alikuwa hajautoa kopi. Nasteho, Msomali aliyeketi karibu na mlango, akammiminia mgeni chai ya iliki kutoka kwenye chupa yake, na darasa likaendelea.

Huyu Nasteho ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kukata mabawa ya bata mzinga kiwandani, alikofanya kazi na Eulalia pia, kwenye baridi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kumkataa. Asubuhi binti yake ndiye aliyemfunga vifungo vya koti. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba atakayefaulu mtihani wa kuandika Kiingereza atahamia chumba cha lebo, ambako kuna joto na hakuna visu. Basi mwenzetu aliungoja mtihani ule roho juu.

Ukurasa wa sita ulikuwa mwepesi. Bwana Wendell ni mgonjwa. Anampigia simu mkubwa wake. Mkubwa wake anasema: Pole, Bwana Wendell. Pumzika. Nasteho aliusoma mpaka ukamkaa kichwani. Alhamisi mkono ulipovimba kama andazi, akampigia simu msimamizi wake, Darrell, akasema yale yale ya kitabuni bila kukosea hata neno. Kisha akangoja Darrell naye aseme yake.

"Hiyo ni pointi," akasema Darrell, akakata simu.

Pale kiwandani kila siku ya kukosa kazi ni pointi, na pointi hazina mjadala. Zikijaa, unarudisha buti za kiwanda na kwenda zako.

"Na wewe nawe, shoga!" Jumanne Eulalia alicheka mpaka akashika mbavu. "Kitabu kimekwambia upige, ukapiga? Hicho kitabu kimewahi kushika kisu?"

"Cheka tu," akasema Nasteho. Alikuwa na haya, na hasira pia. Kule nyuma, Bwana Wendell alitazama viatu vyake.

Zoezi la jioni ile lilikuwa kuipa habari waliyoisoma mwisho mwingine. Nasteho aliandika huku amekunja uso: Bwana Wendell anapata kazi ya bata mzinga. Anasimama kwenye laini. Alipoweka nukta, Bwana Wendell akainuka, akavaa koti, akashukuru kwa chai, akatoka. Mwalimu Haugen akasahihisha herufi kubwa moja, akasema kazi nzuri.

Kesho yake Bwana Wendell alikuwa kwenye laini, pale mkanda unapopitisha bata, kando ya Nasteho, kofia ya wavu kichwani. Darrell alimpenda mno. Mtu ambaye maneno yake yote ni kwamba ana mbwa, na mbwa ni mweusi, atamsumbua nani? Haukupita muda mkono wake nao ukavimba, akapiga simu kama alivyozoea miaka yote kitabuni. Jumanne akaja darasani, akaketi kiti chake.

"Habari za jioni. Mimi ni Bwana Wendell. Nina pointi."

"Karibu chamani, baba," akasema Eulalia, akamsogezea sambusa.

Aliila kwa mkono wa kushoto. "Mkono wangu unauma," akasema, "lakini kesho ninaenda kazini." Mwalimu akampongeza, maana "lakini" ilikuwa kurasa nyingi mbele kitabuni, na hakuna aliyemfundisha.

Siku ya mtihani ikafika. Swali lilisema: Soma habari, kisha andika kilichotokea baadaye. Habari yenyewe ilikuwa ya Bwana Wendell, mgonjwa, ameshika simu.

Nasteho akageuka. Bwana Wendell alikuwa amesimama dirishani, mkono umefungwa kitambaa. Ile sentensi ya pole Nasteho aliijua kuliko zote. Lakini mwenyewe yupo, anakutazama. Utamsingizia mtu mbele ya macho yake? Basi akaandika pointi, akaandika buti, akaandika vifungo vya koti, na Kiingereza kikamjia kwa utamu ambao hajawahi kuujua. Eulalia aliandika kwamba mkubwa alimpelekea Bwana Wendell supu ya kuku nyumbani, akamkuna mbwa masikio.

Eulalia akafaulu. Kwenye karatasi ya Nasteho msahihishaji alikuwa ameandika: "Umeandika vizuri sana. Tatizo ni mwisho, hauaminiki. Mkubwa wa kazi hawezi kumjibu mgonjwa hivyo. Rudia kusoma habari."

Mwalimu Haugen aliyasoma, akavua miwani, akampakulia viazi. Nasteho alilia, akavila hivyo hivyo na machozi yake.

"Ungewatilia supu, shoga," akasema Eulalia, safari hii bila kucheka. "Wanapenda supu."

Jumatatu Eulalia akaingia chumba cha lebo, Nasteho akarudi kwenye laini. Bwana Wendell alikuwa ameshafika. Akamfunga kamba za aproni kwa mkono wake mmoja mzima, taratibu, mpaka zikakaza.

"Habari za asubuhi. Mkono wako unauma?"

"Unauma, lakini nimekuja."

"Mimi pia," akasema Bwana Wendell.

Darrell akabonyeza kitufe, na bata mzinga wakaanza kuja.