Oili Nzito

Kwa siku ya tatu mfululizo, Fundi alilala chali chini ya gari la zahanati akitafuta bomba. Mgongo ulimuuma, kiuno kilimuuma, hata kope zilikuwa nzito. Miaka sitini na miwili si umri wa kulala kwenye saruji, lakini nani wa kumwambia? Gereji ni yake, na ukaidi ni wake.

Gari hilo, la kuwapeleka wajawazito hospitali, lilikuwa limeanguka mara mbili kwenye kipimo cha moshi. Likianguka tena, lingezuiwa barabarani miezi mitatu. Hata hivyo, si hilo lililomkosesha Fundi usingizi. Lilipoanguka mara ya kwanza, muuguzi mwenye zahanati alimuuliza tatizo ni nini. Fundi hakujua, na hakupenda kuonekana hajui, basi akajibu haraka, "Dereva wako ananunua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, pesa inayobaki anatia mfukoni." Dereva akaachishwa kazi siku ile ile. Na dereva huyo ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Siku kumi na moja sasa, binti hapokei simu ya baba yake.

Fundi alikwisha kubadilisha plagi, sensa, na hata masega ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi. Lilibaki bomba. Magari aliyoyazoea yana kibomba kinachorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usiwe mkali mno. Kikiziba masizi, unakikwangua, maisha yanaendelea. Aliipapasa injini hii juu na chini kama mtu anayetafuta miwani iliyo puani kwake, asikione. Akakubali yaishe, akaenda kwa mkaguzi wa moshi.

"Mama, hili gari limeibiwa kibomba cha kurudisha moshi."

Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye meza iliyojaa karatasi, alicheka mpaka akaomba radhi. "Hakijaibiwa, mzee wangu. Halikutoka nacho kiwandani. Injini hii inajifanyia yenyewe. Valvu ya kutolea moshi inachelewa kidogo kufunga, moshi kiasi unabaki humo humo ndani, moto unapoa. Unaotoka, masega yanamalizia kuusafisha."

"Na nani anaichelewesha hiyo valvu?"

"Kompyuta inaamuru, oili inasukuma. Ndiyo maana gari hili linataka oili nyepesi. Ukiweka nzito, haisukumi inavyopaswa, valvu inafunga mapema, moto unakuwa mkali, nami napata namba hizi." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Umeweka oili gani?"

Miaka thelathini na tano alikuwa akizimiminia injini oili nzito kuliko zote dukani, kwa nia njema, akiamini inazikinga. Mzoea punda hapandi farasi, na yeye hata hakuwa ametambua kwamba aliletewa farasi.

"Na petroli je?" aliuliza, karibu kwa kuomba.

"Tuliipima tangu siku ya kwanza. Safi kabisa."

Alirudi gereji, akamwaga oili yote, akabadilisha chujio, akajaza nyepesi. Mchana gari likapita kipimo bila hata kukohoa. Fundi alilitazama likiondoka, akajihisi amechoka kuliko alipokuwa hajui. Akajikaza kisabuni, akaenda kwa binti yake bila kunawa mikono.

Mkwe alikuwa uani anaanika nguo za mtoto. Alipomwona aliinamisha macho kwa adabu. "Karibu, baba. Nikuletee kiti?"

"Sikai. Petroli yako ilikuwa safi. Kosa ni oili yangu. Nimekusingizia."

Mkwe alilikung'uta shati dogo, akalibana kwenye kamba. "Najua, baba."

"Umejuaje?"

"Kitabu cha gari kimeandika. Siku ile unamimina nilikuuliza, mbona hii nzito? Ukaniambia nishike usukani wangu, spana nikuachie wewe."

Fundi alijaribu kukumbuka, akashindwa. Hilo lilimchoma kuliko yote. Aliambiwa ukweli mapema, bado oili iko mkononi, na hakuona hata haja ya kuusikia.

"Sasa mbona hukumwambia muuguzi?"

Aliyejibu ni binti, amesimama mlangoni na mtoto begani. "Angesimama vipi mbele ya mwajiri wake aseme baba mkwe hajui kazi? Nilimwambia aseme. Nilimlilia. Akasema heri akose kazi kuliko kukuvunjia heshima wewe."

Fundi aliegemea ukuta. Aliona haya, haya ya kweli, ile ambayo hata miwani ya mbao haiifichi. Huyu ndiye mtu aliyemwita mwizi.

"Vaa viatu," alimwambia mkwewe. "Twende kwa muuguzi."

"Ameshaajiri dereva mwingine," binti akasema.

"Najua. Ndiye aliyekuja kuchukua gari leo." "Hata kama kazi hairudi, jina lake lirudi."

Mkwe alifunga kamba za viatu taratibu. "Basi nitakusaidia kumweleza, baba, asije akakukasirikia sana."

"Hapana, mwanangu," Fundi akasema. "Wewe simama tu pale usikie. Na safari hii usinifunike."