Mwani Uliooshwa kwa Siki

Mama mkwe wangu, Lalla Zhour, anavuna mwani hapa El Jadida, pwani ya Moroko, tangu sijazaliwa. Wanunuzi wanataka mwekundu. Wa kahawia watu wanaukanyaga tu. Nilipomwomba gunia la kahawia kwa ajili ya maabara ninayofanyia kazi, alinicheka.

"Mwanangu kaoa kichaa!"

Dokta Btissam, mkuu wa maabara, aliutaka kwa sababu ya sukari iliyomo. Ana dawa kali ya fangasi wanaoingia hadi kwenye damu, lakini haiyeyuki majini, na inaumiza figo za mgonjwa. Anaifunga kwenye sukari ya mwani ili iyeyuke na ipungue ukali. Tulijaribu mara nne. Mara nne tukapata uji mzito. Jaribio hili la tano, la kwanza kwa gunia la Lalla Zhour, likishindikana, chuo kinafunga mradi.

Asubuhi ya kuijaribu, nikimvalisha mwanangu Ilyas viatu, nikamsikia Lalla Zhour akijisifu kwa jirani.

"Niwapelekee wasomi uchafu, mimi? Niliuchemsha kwa siki kama utumbo wa kondoo wa Idi!"

Kiatu cha pili nikakiacha. Siki na moto hukatakata nyuzi za ile sukari. Darasa la jioni lilinifundisha hivyo. Na sukari tulishaitoa, dawa tulishaifunga. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini kuna mama mahali fulani anamwuguza mtoto wake. Nikamwambia Dokta mara nilipofika mlangoni pa maabara.

"Yaani mama mkwe wako kaupika mradi wangu?"

"Nisamehe, Dokta."

"Mwingine hatuna. Lete maji."

Unga wa manjano wa dawa ukazunguka kwenye chupa, ukapotea. Hakuna uji. Maji yakabaki angavu.

"Nyuzi fupi," Dokta akanong'ona. "Hasna, zile ndefu ndizo zilikuwa zinatukwamisha!"

Siku tatu baadaye fangasi kwenye visahani vya maabara walikuwa wamekufa, seli za figo zinaishi. Ni visahani tu. Mgonjwa bado yuko mbali. Ila chuo kimetuongezea mwaka.

Ijumaa Dokta alikuja kwetu kula kuskusi, daftari mkononi.

"Lalla, ulichemsha muda gani?"

"Mpaka nilipomaliza kuswali."

"Swala ipi?"

"Adhuhuri. Na sunna zake, mimi sina haraka kama nyinyi."

Dokta akaandika. Mama mkwe akanigeukia.

"Na wewe, jioni zote zile darasani, hukunisaidia hata kukoroga?"

"Kesho nakoroga, Lalla," nikamjibu. "Sufuria sita, kila moja na dakika zake."