Tangi la Upande wa Nje

Bafu la mke wangu Jael halifikiki ila kwa kupitia chumba chetu cha kulala. Nililijenga hivyo viungo vya vidole vyake vilipoanza kuvimba, ili asitoke nje kila alfajiri kufuata maji ya moto. Hita ilitundikwa ukutani humo, na kwa muda mrefu Jael alioga maji ya moto, akavaa na kushika kikombe bila msaada.

Kisha tukafungiwa mita mpya ya maji. Tangu siku hiyo, kila hita ilipowashwa, valvu yake ya usalama ilimwaga maji sakafuni. Fundi wa mjini aliibadilisha. Ile mpya nayo ikavuja. Jael aliteleza hapo akaumia kiwiko. Niliizima hita, naye akaanza kuoga maji baridi. Vidole vilikakamaa tena, hata nikawa ninamfunga vifungo vya gauni kila asubuhi.

Katika ukoo wetu, mjuzi wa mambo haya ni Lusweti, mume wa binti yetu Edah, fundi wa mabomba kule Ekero. Nilipomweleza kwa simu, alisema hapakuwa na kilichoharibika. Maji yakipata moto huongezeka. Zamani yaliyozidi yalirudi nyuma hadi bomba la barabarani. Mita mpya imekuja na valvu isiyoyaruhusu kurudi, basi hayana pa kwenda. Alinionya nisiizibe valvu inayovuja, maana hita ingeweza kupasuka. Kilichohitajika ni tangi dogo la presha, lenye mpira ndani unaotenga maji na hewa. Maji yakiongezeka, hewa hujibana ikayapisha.

Nilimwambia aje. Jael aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Mkwe wangu hapiti kando ya kitanda changu," alisema. "Heri maji baridi."

Nilimjibu kwamba fundi akiwa kazini ni fundi, si mkwe. Tangu Lusweti amwoe Edah, yeye na Jael hawajapeana mkono. Jael humsalimu kwa mbali, macho chini, naye Lusweti huinamisha kichwa. Nimeishika mila hiyo maisha yangu yote na nimewafunza wengi kuishika. Lakini nilivitazama vile vidole, nikaamua kwamba safari hii nitaamuru. Jael hakubishana. Alisema tu kwamba Lusweti akipita chumbani, yeye hataoga tena katika bafu lile. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Jumamosi Lusweti alifika pamoja na bintiye Tracy, anayesomea kazi hiyohiyo, mjukuu ninayejivunia mbele ya kila mtu. Nilitangulia kuelekea chumbani. Lusweti hakunifuata. Alibaki uani, kofia mkononi.

"Baba, huko siingii," alisema. "Nionyeshe tu bomba la maji baridi linapopita kabla halijaingia ukutani."

Alinieleza kwamba tangi halina haja ya kukaa karibu na hita. Yatosha liwe kwenye bomba la baridi, kati ya mita na hita, mradi pasiwe na kizuizi katikati. Kazi ya ndani angeifanya Tracy. Mjukuu hana mwiko nasi. Chumba cha bibi yake ni chake, na mimi huniita mumewe.

Lusweti alipima presha ya maji ya nyumba. Tracy alizima umeme wa hita, baba yake akafunga maji, kisha binti akafungua mfereji wa bafuni ili presha iliyobaki bombani itoke. Lusweti alikata bomba, akaunga tawi, akafunga kishikio cha tangi ukutani. Nami nilipewa pampu ya baiskeli nilijaze tangi hewa hadi ilingane na presha ile.

"Mume wangu, umeishiwa pumzi?" Tracy aliuliza dirishani. "Basi naolewa kwingine."

"Nenda," sauti ya Jael ilijibu kutoka ndani. "Huyo alikuwa wangu kwanza."

Tangu aanguke, sikuwa nimemsikia akitania.

Tangi liliungwa kwenye lile tawi, maji yakafunguliwa, hewa ikatolewa kwenye mfereji, hita ikawashwa. Tulisubiri hadi ilipopata moto. Tracy aliweka kiganja chini ya valvu.

"Kavu, Baba," aliita kupitia ukutani.

Lusweti alikuwa akikaza boliti za mwisho za kishikio bomba lilipoanza kuvuma taratibu kando yake. Jael alikuwa anaoga. Lusweti aliweka spana chini, boliti moja ikiwa bado, akaenda hadi mwisho wa boma, akasimama akiipa nyumba kisogo. Nilichukua viti viwili nikamfuata. Tulizungumza habari za miwa.

Bomba liliponyamaza, Jael alitokea mlangoni, akamsalimu mkwe wake kwa mbali, macho chini. Lusweti aliinamisha kichwa, kisha akarudi kuikaza boliti yake.

Nilimtazama mke wangu. Vifungo vyote vya gauni vilikuwa vimefungwa, kimoja katika tundu lisilo lake. Sikukigusa.