Pointi za Baba

Kuna wazee wanaofuga njiwa, kuna wanaolala na redio sikioni, na kuna huyu baba wa msusi, aliyekuwa akifuga pointi. Miaka yote ya nguvu zake alikuwa fundi friji, akizibeba mgongoni kupanda na kushuka ngazi za watu, mpaka siku mgongo ulipogoma. Daktari akamwambia asinyanyue tena kitu kinachozidi birika. Basi akakaa dirishani na simu yake, akaingia kwenye jukwaa la maswali na majibu la mafundi, na kazi ikaendelea kwa kidole gumba.

Watoto wake walimtania bila kumbakiza. "Baba, hizo pointi zinanunua hata kiberiti?" aliuliza mkubwa wao, dereva wa lori.

"Hazinunui. Ndiyo uzuri wake."

Kisha angeeleza, hata kama hakuna aliyetaka kuelezwa. Mtu usiyemjua wala hakujui anasoma jibu lako, linamfaa, anabonyeza mshale wa juu, nawe unapata pointi. Mwenye swali akiliwekea alama ya kulikubali, unaongezewa. Ukipotosha watu, wanabonyeza mshale wa chini na unakatwa. Na pointi zikifika kiwango fulani, jukwaa linakuamini hata kukuruhusu usahihishe majibu ya wengine. Baba alikuwa amebakiza kidogo tu kukifikia kiwango hicho, na alikitaja kama watu wanavyotaja harusi ya kifungua mimba.

Binti yake, msusi, alikuwa na shukrani asiyojua pa kuiweka. Mama yao aliwatoka mapema, na ni zile friji za mgongoni zilizowalisha na kuwasomesha. Lakini mzee hakuwa mtu wa kupewa. Ukimnunulia shati, linaingia kabatini na karatasi yake ya dukani na halitoki tena. Ukimtajia wema wake, anauliza kama chai ipo.

Basi Jumapili moja, baba akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, msusi akawakusanya sebuleni kaka yake, wifi yake na mdogo wao wa mwisho. "Leo tunampa kitu asichoweza kukifungia kabatini," akawanong'oneza. Kila mmoja akafungua akaunti, wakaanza kubonyeza mishale ya juu, jibu baada ya jibu, kama watu wanaochambua mchele. Wifi alikuwa na kasi ya kutisha. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja, na pointi zilivyozidi kupanda walicheka mpaka wakaziba midomo kwa mito ya kochi.

Asubuhi yake msusi alimkuta baba ameshika simu kwa mikono miwili, chai imepoa mbele yake. Akaunti ilikuwa imefungwa. Wasimamizi wa jukwaa walikuwa wameandika kwamba kura nyingi zimetoka nyumba moja kwa wakati mmoja, na wanachunguza kama alizinunua.

"Mimi ninunue kura?" baba akasema. "Mimi?"

"Baba, hazikununuliwa. Ni sisi." Msusi akaeleza yote, pamoja na kasi ya wifi.

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako." Hakufoka, na heri angefoka. "Mlisoma hata jibu moja?"

"Hapana, baba."

"Basi mlinipigia makofi mmefumba macho."

Lakini si pointi zilizomnyima chai. Akamgeuzia simu aone. Muuguzi wa zahanati moja ya mbali alikuwa na friji ya chanjo iliyoacha kupoza, na tangu juzi baba alikuwa akimwongoza hatua kwa hatua. Sasa ameandika tena: "Mzee, nimefanya ulivyosema. Inanguruma kidogo halafu inakata. Joto linapanda, na kesho kina mama wanaleta watoto. Uko wapi?" Baba aliweza kuyasoma maneno hayo, kuyajibu hakuweza.

"Nitamjibu kwa akaunti yangu," msusi akasema. "Wewe niambie tu."

"Sheria inakataza. Aliyefungiwa akisema kwa mdomo wa mwenzake, anafukuzwa moja kwa moja. Jina langu na majibu yangu yote, kwaheri."

Akautazama ule ujumbe tena. Msusi akajua anaiaga akaunti yake.

"Andika," baba akasema. "Ila usijifiche. Anza na ukweli."

Msusi akaandika: "Mimi ni binti wa fundi mliyemfungia. Kosa la kura ni langu na ndugu zangu, yeye alikuwa amelala. Maneno yanayofuata ni yake." Kisha baba akatamka taratibu, naye akaandika. Kwanza hamisha chanjo kwenye sanduku la baridi, na zisigusane na barafu, maana nyingine zikiganda zimeharibika. Chomoa friji kwenye umeme, umwite fundi umeme aliye karibu. Nyuma, ubavuni mwa kompresa, ile pampu ya friji, kuna rilei, kidude kinachoisukuma ianze. Aitoe, aitikise. Ikilia kama njuga, imeungua. Aweke nyingine ya kompresa kama hiyo.

Msusi hakwenda saluni siku hiyo. Alasiri muuguzi akaandika: "Ililia kama njuga! Tumeazima ya friji ya jikoni. Inapoza." Baba akafunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo.

Baadaye wakaandika wasimamizi. Kura za nyumbani wamezifuta zote. Sheria imevunjwa, walisema, lakini imevunjwa mchana kweupe, mbele yao, kwa ajili ya watoto wa watu. Akaunti ya mzee wameifungua, na wanawe wakome kumpigia kura. Pointi zikarudi pale zilipokuwa Jumamosi, zote za watu baki.

Ila alama ya muuguzi ilikuwa imewekwa kwenye jibu la msusi, na mishale ya watu ikazidi kuja huko.

"Baba, hizi ni zako. Nakuhamishiaje?"

"Hazihamishiki."

"Basi niandike asante pale chini."

"Wataifuta. Wanasema asante zinajaza ukurasa."

Msusi akacheka, kisha machozi yakamtoka bila ruhusa. Akaweka simu mezani, akavuta stuli, akakaa magoti yake yakikaribia kugusana na ya baba.

"Asante, baba."

"Ya nini?"

"Ya siku niliyofukuzwa shuleni nikarudi nyumbani kwa kukosa viatu. Ulinipeleka mwenyewe, ukavua vyako mlangoni pa darasa, ukanivalisha. Nilitembea kama bata siku nzima. Wewe ulikwenda kazini peku."

Safari hii baba hakuuliza chai. Alitazama mikono yake, kisha akajiweka sawa kitini.

"Hilo ni moja," akasema. "Endelea."